Kisu cha Kukunja cha Daktari wa Meno

Tangu kiharusi kimpige, fundi visu aliyejulikana mtaani kote kama Mzee Mpini hakutia tena mguu karakanani. Mkono wa kulia ulikuwa umelala, hausikii la mtu. Jiliwa la kubania vyuma na tupa zake zikala vumbi. Yeye alishinda sebuleni akigombana na redio.

Asubuhi moja akaja daktari wa meno, mtu mwenye ugonjwa wa kukusanya majambia, panga na visu vya kale. Alifungua kitambaa, akatoa kisu cha kukunja, mpini wake umepambwa maua ya fedha na vipande vya gamba la chaza. Lakini springi ilikuwa imekatika, bapa linaning'inia kama ulimi wa mbwa, na ua moja lilikuwa limebanduka.

"Sina mkono, daktari," fundi alisema bila kukigusa. "Mpelekee mwingine."

"Mwingine atakiua."

Mkewe, mshonaji wa magauni ya harusi, alikuwa amesimama mlangoni na trei ya chai. "Kiache hapa, shemeji," akasema.

Mgeni alipotoka, mume akawaka. "Mama Pacha, umepokea kazi ya nani?"

"Yetu. Wewe una kichwa, mimi nina mikono. Tukijumlishwa hatukosi kuwa fundi mmoja."

Basi wakaingia karakanani, na huko ikawa patashika.

"Taratibu! Hiyo tupa, si mkasi!"

"Na mimi ni mkeo, si punda. Sema vizuri, Baba Pacha."

Springi ya kwanza aliyoichonga Mama Pacha ilikatika, kipande kikaruka kikatua ndani ya kikombe cha chai. Mzee Mpini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mkewe alimtazama kwa mshangao. Kicheko kile alikuwa ameshakisahau.

Springi ya pili ilishika. Ikabaki kazi ya ua. Mama Pacha, aliyezoea kutunga shanga kwenye vifua vya maharusi, alilowesha ncha ya kidole, akaokota ua la fedha lililobanduka na kulilaza mahali pake. Mzee aliinama ili akosoe, akaona ua limekaa sawasawa. Akachukua kitambaa chenye mafuta kwa mkono wa kushoto, akaanza kung'arisha bapa. Alikwenda kombo mwanzoni, kisha mkono ukazoea.

Daktari alipokuja, alikikunjua kisu, tak! akakikunja, akakikunjua tena kama mtoto aliyepewa swichi ya taa.

"Ua hili kalirudisha nani?"

"Msaidizi wangu."

"Msaidizi!" Mama Pacha akadakia. "Hebu msikieni!"

"Mwenzangu," mzee akajirekebisha, akitabasamu upande mmoja wa uso.

Daktari akasema rafiki yake ana jambia lililopasuka mpini, je, alilete? Mume na mke wakatazamana.

Siku iliyofuata Mama Pacha alihamishia cherehani yake karakanani, karibu na dirisha, penye mwanga. Mzee Mpini akasogeza tupa zake kumpisha bila kunung'unika. Au tuseme, alinung'unika kidogo tu.