Utepe wa Nne Kifuani

Mimi ni fundi cherehani, na ugonjwa wangu ni kutazama vifungo kabla ya sura. Mtu akiniletea picha ya babu yake aliyevaa sare, yeye anasubiri nimsifu babu, mimi nimeshafika kwenye mshono wa bega. Mke wangu hudai kwamba hata siku ya harusi yetu nilianza kwa kukagua pindo la gauni lake. Anazidisha, ingawa pindo lenyewe lilikuwa limeshonwa ovyo.

Baba yangu alitoka Tanga na cherehani moja, akafungua kibanda Tarime mjini, nami nikazaliwa hapa na kuzeekea hapa, Turwa. Enzi za Mwingereza vijana wengi wa huku waliingia jeshi lake, ambalo wazee mpaka leo wanaliita keya. Waliorudi walirudi na makoti, mikanda na beji, vitu vilivyolala kwenye masanduku ya bati hadi wajukuu walipoanza kuvitoa na kuuliza ni vya nini. Wakaambiwa yupo fundi mmoja Muislamu pale Turwa anayejua mambo hayo. Ndivyo kazi isiyo na mshahara ilivyoniangukia.

Wananichosha, nisiseme uongo. Kila babu alikuwa sajini meja. Sijawahi kuletewa babu aliyekuwa mpishi, wakati jeshi lile lilikula kila siku. Bwana mmoja aliniletea koti la "vita vya Mjerumani" akiwa amelifunga kwenye shuka jeupe kama maiti. Nikalifungua, nikakuta zipu ya plastiki. Nilimwambia babu yake alinunua mtumbani kama sisi wengine, akaondoka bila kuaga.

Lakini kitambaa cha kweli kikija, nasahau hata kula. Alama za cheo zikifumuliwa mkononi, kitambaa kilichokuwa chini yake hubaki na rangi yake ya mwanzo, kwa hiyo naweza kukwambia mtu alivuliwa cheo hata kama yeye mwenyewe alikufa hajamwambia mtu. Sare haina aibu. Husema yote.

Mama mmoja kutoka Ringwani alikuja mwaka juzi, kiangazi. Alikuwa amepita miaka sabini, mrefu, amejifunga kitenge kikavu kisicho na mkunjo hata baada ya safari yote ile. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akatoa kwenye mfuko picha iliyowekwa kwenye fremu ya mbao.

"Huyu ni mume wangu," alisema. "Nataka uniambie cheo chake. Watoto wanamjengea kaburi la saruji, Krismasi wote wakiwa nyumbani. Hakuna mwili, alifia Burma. Lakini jina liwepo, na cheo kiwepo."

Nikatazama picha, nikamtazama yeye. Kijana yule alikuwa mtu wa vita vikuu vya pili. Huyu mama wakati huo alikuwa hajazaliwa.

Aliona ninavyohesabu, akacheka, akaniita kijana kwa Kikurya. "Mura, wewe si umezaliwa huku? Mimi ni wa nyumba ntobhu."

Hapo nikaelewa, na msomaji wa mbali naye aelewe. Nyumba ntobhu ni desturi ya Wakurya: mwanamke asiye na mtoto wa kiume wa kuendeleza nyumba yake anaweza kutoa ng'ombe na kuoa mwanamke mwingine. Mama mkwe wa mama huyu, huko Ringwani, alikuwa na mtoto wa kiume mmoja tu, askari huyu wa pichani, na ikasemekana amekufa vitani. Alipozeeka akaenda kwa wazazi wa mama huyu, akatoa ng'ombe, akamwoa awe mke wa mwanawe marehemu. Watoto wakazaliwa na mwanamume aliyechaguliwa, wakaitwa kwa jina la askari. Picha ikatundikwa ukutani, na watoto wakafundishwa kwamba yule ndiye baba.

"Kila asubuhi namwamkia," alisema mama. "Tangu niolewe."

Nikamwambia aniachie picha. Cheo nilikuwa nimeshakiona, milia miwili mkononi, koplo, hakuna kingine. Lakini kifuani kulikuwa na kitu kilichoninyima raha.

Alipoondoka nilichukua lenzi ninayotumia kutungia uzi kwenye sindano, nikaitoa picha kwenye fremu. Juu ya mfuko wa kushoto palikuwa na tepe nne za nishani, zimepangwa mstari mmoja. Wa nne ulikuwa na mstari mwembamba mweusi katikati, umebanwa na miwili myeupe. Picha haina rangi, lakini mpangilio ule naufahamu. Utepe ule ulitolewa vita vilipokwisha. Askari aliyefia Burma nishani yake hupelekwa kwa ndugu zake. Hakai studio akiwa ameivaa, kofia pana imekunjwa upande mmoja, viatu vinang'aa.

Nikajitetea kwamba koti ni la kuazima, maana askari waliazimana makoti kwa ajili ya picha. Nikalikagua kama ninavyokagua koti la mteja msumbufu. Mshono wa bega umekaa juu ya mfupa wa bega, mkono umeishia kwenye kifundo, kifungo cha tumbo hakivuti. Lilikuwa koti lake. Na hata lingekuwa la kuazima, utepe ule bado ungekuwa wa baada ya vita. Nyuma ya picha palikuwa na muhuri wa studio ya Nakuru. Kijana alikuwa hai, amevuka bahari kurudi, amefika Nakuru, ambako ni mwendo mfupi tu ukilinganisha na Burma. Nyumbani hakufika.

Nilibeba picha hadi Mugumu kwa rafiki yangu, mwanajeshi mstaafu anayekusanya beji na vifungo. Nilimkuta akitukana bomba, maji ya bwawa la Manchira yalikuwa hayajatoka tena. Akaosha mikono kwa maji ya ndoo, akatazama utepe kwa muda mrefu.

"Ni wenyewe," alisema. "Umeshamwambia huyo mama?"

"Bado."

"Basi usimwambie. Mama wa watu kakuuliza cheo, mpe cheo. Koplo. Unataka kumwambia mzee wa miaka sabini kwamba aliyemwamkia maisha yake yote alikuwa mahali anakula nyama choma?"

"Pengine alikufa wiki iliyofuata. Picha haisemi."

"Ndiyo maana nakwambia unyamaze."

Nilikasirika, hasa kwa sababu alikuwa na hoja. Lakini wanawe walikuwa tayari kuandika kwenye saruji kwamba mtu huyu alifia Burma, na mimi ndiye ningekuwa nimewapa cheo cha kuandika juu yake. Nikimpa cheo na kumficha utepe, nitakuwa nimemshonea koti zuri juu ya bitana iliyooza. Nikairudisha picha kwenye fremu, kesho yake nikaenda Ringwani mwenyewe.

Nilimkuta mama anapepeta ulezi. Alinipa kiti na uji, akaendelea na ungo wake. Nikamweleza polepole: kwanza koplo, kisha tepe, kisha muhuri wa Nakuru. Alisimamisha ungo, akauweka chini.

"Kwa hiyo hakufia vitani."

"Hapana, mama. Baada ya hapo sijui."

"Na picha hii ilifikaje hapa?"

Swali hilo nilikuwa nimelala nalo. "Lazima kuna mtu aliileta baada ya vita. Akampa mama mkwe wako."

Akaanza kuokota punje za ulezi zilizomwagika. Nilisikia kuku, nikasikia mtu akichanja kuni boma la jirani. Niliogopa, nakiri. Nilidhani nimemvunja mama huyu mbele ya macho yangu, nikamlaani moyoni koplo pamoja na viatu vyake vinavyong'aa.

"Hakunyoa," alisema hatimaye.

"Nani?"

"Mama mkwe. Wanawake wa hapa walikuwa wananinong'oneza, alipotangaza kwamba mwanawe kafa, yeye hakunyoa nywele za msiba. Walisema ana kiburi. Na gari likisimama kule barabarani, sisi wote tulikimbia kutazama nani ameshuka. Yeye aliendelea kusaga. Hakugeuza hata shingo." Alifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Alijua. Mtoto yuko hai, na harudi."

"Kwa nini basi alisema amekufa?"

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu mzima aliyeuliza jambo la kitoto. "Angeniombaje kwa baba yangu? Mtoto aliye hai anasubiriwa aje aoe mwenyewe. Wazee wangemwambia subiri, na yeye angesubiri mpaka nyumba imwangukie. Akamuua kwa mdomo, ili apate kuoa."

Halafu akacheka, kicheko kilichochanganyika na kilio, nami sikujua nishike kipi. Aliichukua picha mkononi mwangu.

"Alikuwa na miaka mingapi hapa?"

"Ishirini na kidogo."

"Mtoto mdogo hivi! Na mimi namwamkia shikamoo, na magoti haya!" Akaipangusa kioo kwa kiganja, bila hasira, akaiweka kwenye kiti kitupu. "Unajua mimi nilidhani nini miaka yote hiyo? Nilidhani nimeletwa hapa kuziba nafasi ya marehemu. Kwamba mama akinitazama, anamwona yule. Hata aliponisuka nywele, hata alipolala kando yangu nikiwa na homa ya uzazi ili nipate joto, nilisema moyoni, haya si yangu, ni ya mwanawe. Kumbe mwanawe alikuwa amemkataa. Akanyanyuka na fimbo yake, akapanda milima hii na miguu ile mibovu, akaja kwetu kunitafuta mimi."

Nilikunywa uji, umeshapoa.

Aliingia ndani akatoka na simu, akampigia mwanawe mkubwa aliye Mwanza. Aliweka sauti ya nje, kama wazee wengi wafanyavyo, kwa hiyo nilisikia vyote. Mwanawe aliuliza kama fundi amejua cheo.

"Amejua," alisema mama. "Lakini ile saruji msimjengee baba yenu. Mjengeeni bibi yenu, pale alipozikwa nyuma ya ghala kwenye makonge, ambapo hamjawahi kuweka hata jiwe."

"Mama, si tulikubaliana ni kaburi la mume wako? Kwa nini bibi?"

"Kwa sababu ndiye aliyenioa," alisema, akakata simu.