Mbuzi wa Maziwa na Ushindi wa Siri

Masomo yangu yaliishia darasa la pili, na sioni aibu kulisema. Mjukuu wangu yuko chuo, Eldoret. Huyo nitamsifu mpaka mchoke, kwa sababu nimemlea kwa mikono hii. Ndiye aliyemfungulia mama yake, binti yangu, barua pepe kwenye simu, ili wageni wanaonunua vikapu vyake kule Eliye Springs waweze kuagiza vingine wakisharudi kwao. Na kweli waliagiza. Lakini mlango ukishafunguliwa, haumchagui anayeingia.

Mimi sikuanza kwa kuiona hiyo barua iliyoingia. Niliona mbuzi. Asubuhi moja hapa Lodwar nilimkuta binti yangu amewafunga kamba mbuzi wake wa maziwa, wale aliobaki nao mumewe alipokufa. Watoto wake wadogo wanakunywa chai kwa maziwa hayo.

"Unawapeleka wapi?"

"Kakuma, kuuza."

"Kuna mgonjwa?"

"Mama, wacha tu."

Sikuacha. Nilipanda lori pamoja naye, nikakaa juu na mbuzi. Njia nzima alikuwa akitoa simu, anaitazama, anairudisha kifuani.

Kakuma tuna mteja wetu, mama wa Sudan Kusini anayenunua mbuzi na kuuza nyama karibu na kambi. Tumejuana miaka. Tulisalimiana kwa Kiturkana, ejoka, ejoka noi, kisha akainama akashika kiwele cha mbuzi wa kwanza. Akasimama.

"Hii ni mbuzi ya maziwa. Nani amekufa kwenu?"

"Hakuna," binti yangu akasema.

"Basi nani anaoa?"

Msidhani ni umbea. Kwetu mnyama wa namna hiyo hatoki bomani bila sababu, na sababu huulizwa mbele ya watu. Binti yangu alitazama chini.

"Siruhusiwi kusema."

"Nani hakuruhusu?" nikamuuliza. "Mume huna."

Hapo ndipo alipotoa simu akatusomea barua, huku akitutafsiria Kiingereza chake. Anwani yake imechaguliwa katika bahati nasibu ya dunia nzima. Ameshinda mali ya kujenga nyumba ya mawe na kusomesha watoto wote. Atume tu ada ya kuifungua hiyo pesa, na picha ya kitambulisho, kabla ya kesho jioni. Na asimwambie mtu yeyote mpaka pesa imfikie.

Yule mama alicheka mpaka akashikilia pembe za mbuzi asianguke. "Dada, karibu kwa washindi! Mimi nimeshinda Uingereza, nimeshinda Kanada, na bado nakatakata nyama hapa kwa jua!"

Binti yangu hakucheka. Alinigeukia mimi. "Mama, si wewe ulisema rafiki ya baba alikuja kwanza kuomba tumbako? Baba akampa. Halafu ndio akaleta ng'ombe. Hawa pia wameanza na kuomba kidogo."

Mimi pia sikucheka. Lilikuwa neno lenye akili. Urafiki wa mifugo kwetu huanza hivyo kweli: mtu anakuomba kitu kidogo aone kama mkono wako unatoa, na kesho yeye ndiye anayekupa. Mtu wa mji mwingine angesema binti yangu ni mjinga. Hakuwa mjinga. Alimpima mwizi kwa kipimo cha watu waungwana, basi.

Nikamwambia, "Rafiki ya baba yako tulijua boma lake. Tulikula kwake. Na siku ng'ombe yule alipokuja, nani hakujua? Tulikuwa hatujamkamua bado na ndugu wameshafika kuomba. Mali inakuja na kelele, mwanangu. Hawa wanakuambia unyamaze kwa sababu wanajua ukiongea tu, mtu atakuuliza swali."

Nikamwambia ampigie mtoto wake. Hakutaka. Nikachukua simu nikampigia mwenyewe, nikaweka sauti juu ili sote tusikie.

Mjukuu wangu hakupiga kelele. Aliuliza, "Mama, ulinunua tikiti?"

"Hapana."

"Sasa umeshindaje mchezo ambao hujacheza?"

Binti yangu akaanza kuchezea kamba ya mbuzi.

"Kitambulisho umetuma?"

"Bado. Nilikuwa nangoja pesa ya mbuzi, nitume vyote pamoja."

Nikamsikia akishusha pumzi. "Usitume. Usibonyeze kitu humo ndani. Na usiwajibu, hata kuwatukana usiwatukane. Ukijibu watajua kuna mtu, wataleta ingine."

"Nilitaka nikulipie karo mwenyewe," binti yangu akasema. "Nimechoka kuzunguka kwa wajomba zako nikiomba."

Mtoto akasema, "Mama, rudisha mbuzi nyumbani."

Yule mama mwenye nyama alisimama na kisu chake, akauliza polepole, "Nichukue, nisichukue?"

Binti yangu alishika kamba. Mimi sikumsaidia. Mali ni yake, na uamuzi ulikuwa wake. Mwishowe aliizungusha kamba mkononi akawavuta mbuzi upande wake.

Viwele vilikuwa vimejaa, kwa hiyo tuliwakamua palepale, na yule mama akapika chai tukanywa huku tunangoja lori. Binti yangu alifuta ile barua. Kisha akaniuliza bila kunitazama, "Mama, sema ukweli. Wewe hukutamani hata kidogo?"

"Nilitamani," nikamwambia. "Ulipokuwa unasoma ile nyumba ya mawe, mimi nilikuwa nimeshachagua chumba changu."

Hapo ndipo alipocheka.