Mwanangu ametunga kitabu, sasa wanataka kumfukua mama yangu

Admin, nifiche jina na sura, maana mtaa mzima wa Mafiga wananijua. Mimi ni mama wa miaka 54, nauza ndizi na viungo sokoni. Shule niliishia darasa la saba, ila nimezaa kichwa jamani. Mwanangu wa kiume alikuwa anasoma magazeti ya kufungia maandazi hata shule hajaanza. Leo amemaliza chuo kikuu na ametoa kitabu, kitabu chenyewe kabisa, kina jalada, na nyuma kuna picha yake amevaa shati nililompigia pasi kwa mkono wangu.

Kitabu ni cha vituko. Kuna fundi baiskeli mstaafu, kuna mwalimu wa kwaya aliyefukuzwa kwa ubishi, na kuna mama mmoja anayeongea na mawingu. Hao wote wanaamini ukungu wa Uluguru si ukungu, ni moshi wa jikoni kwa Wajerumani ambao hawakuondoka, wamo ndani ya mlima mpaka leo, hawazeeki kwa sababu wanakunywa chai ya mdalasini. Basi wanapanda kuwatafuta, wanagombana, wanapotea, mlima unawatukana. Utacheka mpaka uombe maji. Halafu kuna bibi wa Matombo aliyejua siri yote akafa nayo, akazikwa amekaa, kwa sababu chini amekalia sanduku la dhahabu. Mwanangu anasema anawacheka watu wanaoamini kila wanachosikia. Mimi nilichokiona humo ni yule bibi. Kiko chake cha tumbaku, kilemba chake, mdalasini nyuma ya nyumba. Mama yangu mzazi mtupu!

Nikajisikia. Nani asingejisikia? Sokoni kila anayenunua pilipili manga namwonyesha kitabu, "Hapa ni kwetu, huyu bibi ni mama yangu, kila kilichomo humu ni kweli." Wakanibatiza Mama Mwandishi. Nikapanda nacho hadi kijijini kwetu Matombo kwenye kipaimara cha binti wa dada yangu, nikashika maiki nikarudia yaleyale mbele ya ukoo mzima. Nikapigiwa vigelegele.

Baada ya hapo wakaja Matombo wanaume wawili kutoka mjini na mashine ya kutafutia madini. Wameipitisha shambani, kimya. Wameipitisha juu ya kaburi la mama, ikalia kama mbuzi. Dada yangu akanipigia simu, nikapanda siku hiyohiyo. Nikawaambia, "Baba zangu, hiyo inalilia nondo. Kaburi nimelijengea mimi, nondo nimenunua mimi." Mmoja akatabasamu, "Mama, mtu anayezika mfupa tu anaweka nondo za nini?" Niliweka nondo kwa sababu nilitaka kaburi la mama liwe zuri kuliko yote pale kijijini, basi.

Wangekuwa wageni peke yao ningewafukuza na mwiko. Kinachoniua ni kaka yangu mkubwa. Sisi Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na mwenye sauti ni yeye, mjomba wa watoto wetu. Ameshakubali wachimbe Jumamosi hii. Nikalia, nikamwambia, "Kaka, huyu ni mama! Kitabu kile ni cha kutunga!"

Akaniangalia, akasema, "Mdogo wangu, si wewe uliyeshika maiki ukasema kila kitu humo ni kweli? Kiko kweli, kilemba kweli, mdalasini kweli. Kasoro sanduku tu?"

Shangazi zangu wakaguna. Mmoja akanirushia, "Kumbe ndiyo maana watoto wake wanasoma."

Nikampigia mwanangu nikamwambia aje Matombo, asimame mbele ya mjomba wake, aseme alidanganya.

"Sikudanganya mama, nilitunga."

"Basi njoo useme ulitunga!"

"Nikisema ni uongo ndiyo wataamini zaidi. Watasema tumepanga." Halafu akacheka. Mwanangu, niliyembeba mgongoni na mkungu wa ndizi kichwani, akacheka. "Mama, hii kali kuliko kitabu. Hebu rudia, mashine ililiaje?" Nikasikia vidole vyake vinagonga kompyuta. Bibi yake anafukuliwa, yeye anaandika. Nikakata simu. Sijampigia tena, na yeye hajanipigia.

Sasa nimebaki katikati. Nikizuia, ukoo unasema nina langu ninaloficha. Nikinyamaza, mama yangu anatolewa nje kama muhogo, tena kwa mdomo wangu mwenyewe na kalamu ya mwanangu.

Na kuna jingine, naliandika hapa kwa sababu hamnijui. Siku mama anazikwa mvua ilikata barabara, nikafika jeneza limeshafungwa. Kaka ndiye aliyesimamia kila kitu. Nakumbuka wabebaji wakilalamika limewalemea, na mama alikuwa amekondeana, mkono mmoja unamnyanyua. Miaka yote sikuwahi kuliwaza hilo. Sasa nikipima mdalasini nawaza hilo, nikihesabu chenji nawaza hilo. Mwanangu alikuwa anashinda kwa bibi yake kila likizo. Lile sanduku alilitoa wapi?

Wenye busara nisaidieni, Jumamosi iko karibu. Nikalale juu ya kaburi wanikanyage kwanza mimi, au nisimame pembeni na wenzangu nichungulie? Matusi nitavumilia. Ila asitokee mtu wa kuniambia kitabu ni kibaya, mwanangu anaandika vizuri.