Hodi Chini ya Wayo

Uvimbe ulikuwa chini ya wayo wa kulia wa fundi cherehani, laini, wa rangi ya zambarau, na ulikuwa ukidunda. Marehemu mumewe aliubatiza Mgeni. Jioni, fundi akishaacha cherehani, mume aliugusa kwa kidole gumba na kucheka: "Huyo, anapiga hodi. Mkaribishe basi, mke wangu, usiwe mchoyo."

Mume akazikwa. Mgeni hakuacha kupiga hodi. Fundi akaanza kuitikia kimoyomoyo: karibu. Hakumwambia mtu.

Kisha uvimbe ukakua, ukapasukia juu ya pedali, damu ikarukia gauni la bibi harusi wa watu. Wifi yake akamjia juu.

"Mguu huo utakuua, wifi. Unangoja nini?"

"Hauniumi."

"Hauumi, na unatembea kama bata! Nenda ukatibiwe."

Daktari, binti mwenye miwani, alimweleza taratibu. Ni mishipa ya damu iliyojisokota. Si saratani, ila itazidi kupasuka. Angeifunga mishipa inayoulisha uvimbe, kisha autoe wote.

"Hata kipande hakibaki?"

"Tukibakiza unarudi, mama."

Fundi akatazama ukuta. Angesemaje kwamba mle ndani kuna mtu? Wagonjwa kama yeye tunawaita wajinga kwa kuchelewa hospitali, wala hatuwaulizi wanaogopa kuacha nini huko.

Alikubali, maana bila mguu hakuna cherehani, na bila cherehani hakuna yeye.

Sindano ya ganzi ya mgongo iliua miguu, masikio yakabaki macho. "Bana hapo. Lete uzi." Pembeni mashine ililia, ti, ti, ti, kwa mwendo uleule wa Mgeni. Fundi akashtuka.

"Nani huyo?"

"Moyo wako, mama. Tulia."

Kitu kikaangukia kwenye bakuli. Mashine ikaendelea kulia vilevile. Chozi lilimtoka fundi, likaingia sikioni.

Kidonda kilipofunga alirudi kwenye cherehani. Pedali ilishuka na kupanda bila maumivu, bila damu. Chini ya wayo palikuwa na kovu jembamba, kimya kabisa. Akalibonyeza kwa kidole gumba, kama alivyofanya marehemu mumewe. Kimya.

"Hodi!"

Ilikuwa sauti ya wifi, mlangoni, na bakuli la uji mkononi.

"Karibu," fundi akaitikia, macho yakiwa mguuni.