Fundo Moja Kwenye Kola ya Bi Geumrye

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya Andong, Korea, na Bi Ma Geumrye anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Amekaa sakafuni, kitambaa cha katani kimemzunguka. Anashona sanda, ile ya huku inayokatwa na kushonwa kama vazi kamili.

Ana miaka sabini na minne. Kwa miaka thelathini na minane amewashonea sanda watu zaidi ya elfu moja, wengi wao wakija wenyewe kupimwa, wazima kabisa. Huu ni mwezi wa ziada, ule unaoongezwa kwenye kalenda kila miaka miwili mitatu. Watu huamini kwamba sanda ikishonwa ndani ya mwezi huo, mwenyewe huishi sana.

"Yangu iache pana kiunoni," anasema jirani yake, Bi Bunim, akijigeuza mbele ya kioo. "Huko hakuna kulima, nitanenepa."

"We dada, mbona umeshanenepa hapa hapa? Huko utaongeza nini?"

Lakini sanda yake mwenyewe ilikuwa imemshinda Bi Geumrye. Uzi wa sanda haufungwi fundo, marehemu asije akanaswa njiani. Bi Geumrye anajua hilo kuliko jina lake. Hata hivyo, mara nne aliianza yake, na mara nne alikuta mkono umefunga fundo wenyewe, akafumua yote.

"Naogopa kufa," anasema bila kuinua macho. "Nimewavisha watu wote hao, na bado naogopa."

Tangu majira ya baridi, alipoambiwa na daktari kuwa moyo wake umechoka, hofu imezidi.

Wiki iliyopita alisinzia mchana juu ya kazi yake. Akaota wale wote aliowashonea wakipita shambani polepole, na hakuna aliyejikwaa kwenye pindo. Mama mmoja akageuka, akapapasa vazi lake, akasema, "Halinibani popote." Bi Geumrye akataka kumfuata. Uzi ukamshika mkononi.

Aliamka akilia kwa furaha. "Kumbe kazi yangu ilikuwa hiyo," anasema. "Watu wasafiri vizuri."

Mumewe, Mzee Tak, anaingia na uji wa maboga. "Mama Sugyeong, kula kwanza. Sanda haikimbii."

Anakula. Kisha anaonyesha kola ya sanda yake, aliyoimaliza baada ya ndoto ile. Pale ameacha fundo moja, makusudi.

"Hili atalikata binti yangu siku yenyewe. Mkasi nimeshampa. Ila nimemwambia asiwe na haraka, mwezi wa ziada ujao nina wateja kumi na wawili."