Kikao cha Kunichagulia Lugha ya Kompyuta

Kwetu jambo likishakuwa kubwa haliachwi kwa mwenyewe, linaitishiwa kikao. Kaka yangu alichaguliwa chuo kwa kikao, na shangazi aliuza gari lake kwa kikao. Basi nilipomwambia baba kwamba nataka kuacha kukaa naye kwenye duka lake la vipuri vya pikipiki pale Kaloleni, nijifunze kutengeneza tovuti, ila sijaamua nianze na lugha gani ya kompyuta, nilikuwa nimejitakia mwenyewe.

Jumapili baada ya ibada tukajaa sebuleni kwa baba mkubwa, Njiro. Yeye ndiye mwenyekiti, maana huwa mwenyekiti hata kwenye misiba isiyomhusu. Akafungua kwa sala, akatangaza ajenda, kisha akaongeza kwamba nimepewa hadi Krismasi. Nikifika hapo sina cha kuonyesha, nabaki kaunta na mjadala umefungwa.

Mama mdogo akaitetea PHP. "Yule kijana aliyeitengenezea kwaya yetu tovuti anatumia hiyo hiyo, na juzi ameezeka nyumba yake."

Watu wakaguna kwa heshima. Kuezeka ni hoja nzito. Binamu yangu, ambaye hawezi kuongea bila kushika funguo za gari, akasema Python, dunia nzima iko huko. Baba mkubwa akauliza Wachina wanatumia ipi. Hakuna aliyejua, lakini swali lilionekana la maana sana.

Nikanyoosha mkono. Nikaeleza kwamba nataka kurasa ambazo mtu akibonyeza kitufe kwenye simu, kitu kinatokea hapo hapo, na kwa kazi hiyo heri nianze na JavaScript, kwa sababu ndiyo inayoeleweka na kivinjari chenyewe.

"Umesikika, mwanangu," akasema baba mkubwa. "Sasa kaa."

Wakati huo harufu ya machalari, zile ndizi za nyama, ilikuwa imeshatoka jikoni, na kwetu hapakuliwi kabla ya uamuzi. Kura zikapigwa haraka haraka. Python ikashinda. Kura yangu haikuhesabiwa, eti mhusika hapigi kura. Baba hakunyoosha mkono kwa lugha yoyote. Alisema yeye anajua vipuri tu.

Nikajifunza JavaScript. Sikuona haja ya kubishana na watu walioshiba. Mchana nilikuwa dukani, jioni niko nyumbani Lemara nagombana na kitufe kimoja kilichokataa kunisikia.

Kabla ya familia kutawanyika kwenda Moshi kwa Krismasi, tukakutana tena Njiro. Nikawapitishia simu. Mle ndani mlikuwa na duka la baba: ukibonyeza breki, zinatokea breki na bei yake. Mama mdogo alibonyeza mpaka nikaogopa ataondoka na pikipiki nzima. Binamu akatikisa funguo. "Si niliwaambia? Python!" Baba mkubwa akakipongeza kikao kwa busara zake. Nikasema asanteni, na kwa kweli nilikuwa na furaha, tena yenye ubishi kidogo.

Baba ndiye aliyeipata simu mwisho. Akavaa miwani, akabonyeza taratibu: mnyororo, plagi, taa ya nyuma, vitu alivyonifundisha kuvitambua kwa kuvishika tu. Kisha akanirudishia.

"Kuanzia Jumatatu usije dukani," akasema. "Nitatafuta mtu."

Ndiyo maneno niliyoyasubiri mwaka mzima. Yalipokuja, yaliniuma.