Kibuyu cha Mama Yohana

Asubuhi ile naiona mpaka leo, mwanangu, na bado hainiachi nitulie. Wewe kaa. Mimi nitasimama.

Miaka ya vijiji vya ujamaa tulihamishiwa upande wa Kitanga, nyumba zikapangwa mstari, majirani wakawa karibu mno. Baba alikuwa na kisukari, akimeza vidonge vya hospitali ya Kasulu. Basi kila aliyekuja kumjulia hali alibeba dawa yake, zaidi mubirizi, yale majani machungu ya uani. Baba alikunywa zote. Kwetu ukikataa kikombe cha jirani ni kama umemwita mchawi.

Siku hiyo akaanza kutetemeka, jasho likamlowesha shati, ulimi ukawa mzito. Tukamkimbiza zahanati. Mganga, kijana aliyeletwa kutoka Moshi, akauliza, "Mzee amekunywa nini? Sukari imepanda au imeshuka? Nikikosea namuua!"

Majirani walijaa mlangoni, kila mmoja akitazama chini. Kaka yangu alishaokota fimbo. Mimi nilizunguka chumba kile kama kuku anayetafuta pa kutagia. Niliogopa, mwanangu, niliogopa sana.

Ndipo akasogea Mama Yohana, mkimbizi kutoka Burundi, mgeni kuliko sisi wote.

"Ni mimi. Nimempa mubirizi alfajiri, kibuyu kizima. Mkitaka kuniua niueni, ila mzee atibiwe kwanza."

"Na vidonge amemeza?"

"Amemeza," mama yangu akajibu.

"Basi imeshuka! Leteni sukari!"

Akamkorogea maji ya sukari, akamnywesha kidogo kidogo hadi baba akaanza kututambua. Hapo sasa midomo ikafunguka: mimi nilimpa jana, mimi juzi. Kaka akaiweka fimbo nje.

Sikukatazi mubirizi. Yaweza kushusha sukari kweli, na ndiyo sababu usiinywe kwa siri. Ugonjwa wa babu yako umeurithi, na ile chupa uliyoificha nyuma ya mtungi nimeiona, usinifanye mtoto. Ipeleke kwa daktari, umwonyeshe, umwambie unakunywa kiasi gani. Aliyekupa naye ajue unameza vidonge. Wakikufokea, wafoke tu. Na atakayesema ukweli mbele yako, usimwokotee fimbo.

Mungu akuzeeshe, akupe na moyo wa Mama Yohana.

Haya, kailete hiyo chupa. Nitakaa nikiiona mkononi mwako.